Mwanafunzi wangu Mchina ananiuliza kama mimi ni "convenient"

Mama_Nyalenda
Hamjambo wenzangu. Jioni namfundisha Kiingereza Mchina mmoja, mtunza stoo wa duka la vigae hapa Kisumu. Ana bidii kweli, daftari lake limejaa kuliko langu la chuo. Shida ni neno moja tu, "convenient". Juzi saa mbili usiku tuko mezani, ugali na omena, simu ikalia. Mzee wangu akaisoma kabla yangu: "Teacher, are you convenient tonight?" Tonge likabaki mkononi. Nilitumia nusu saa kumweleza kwamba mtu anauliza tu kama nina nafasi ya somo.

Kesho yake nikamwambia mwanafunzi kwamba neno hilo ni kama "easy". Kumbe nimeharibu zaidi, maana jioni aliniandikia kwamba mtihani wa hesabu wa mwanawe ulikuwa "convenient". Nimweleze vipi jamani?

Njoro_Juu
Mwalimu, usimlaumu. Mimi nilisoma Kichina Egerton, kwenye Taasisi ya Confucius, na neno lenyewe nalijua: fāngbiàn. Ukifungua kamusi unakuta "convenient", basi anadhani yanalingana kila mahali. Lakini fāngbiàn mtu anaweza kuwa nayo. "Nǐ fāngbiàn ma?" ni sawa na sisi kusema "Una nafasi?" au "Naweza kukusumbua kidogo?" Ni adabu hiyo, wala hakuna jambo la usiku ndani yake, mwambie mzee atulie.

Kiingereza kinataka wakati, mahali au kitu ndicho kiwe "convenient", halafu mtu aje nyuma ya "for": "Is 7 o'clock convenient for you?" Kama anajua Kiswahili cha dukani, mpe hiki: "Saa moja itakufaa?" Inayofaa ni saa, si wewe. Akitaka kumtaja mtu mwenyewe, aseme "free" au "available".

Na ile "easy" ifute kabisa. Mtihani ni rahisi kwa kuwa maswali ni mepesi. "Convenient" ni kile kinachokuondolea usumbufu. Kioski kilicho chini ya ploti yenu ni "convenient" hata kama sukari yake inauma bei. Mkumbushe zile tambi za kumwagia maji ya moto, kwao zinaitwa fāngbiàn miàn. Hapo ataelewa mara moja.

Fundi_Kondele
Umeacha utamu, ndugu yangu. Fāngbiàn pia ni kwenda haja! Nimefanya kazi ya barabara na Wachina, nyapara akisema anaenda fāngbiàn, hakuna aliyemuuliza anarudi lini. Halafu Waingereza nao choo cha umma wanakiita "public convenience". Sijui walikutana wapi hawa watu.

Lakini tusicheke sana. Mgeni aliyetafsiri Kiingereza neno kwa neno akikuonyesha sufuria ya ngege na kukwambia "Jisaidie", utafanya nini?

Nyar_Ahero
😂😂 Fundi wewe!

Mwalimu, kuna "convenient" nyingine, ya kejeli. Nina mpangaji ambaye simu yake huisha chaji kila tarehe 5, siku ya kodi, na tarehe 6 inawaka. Mtu akisema "How convenient" hapo, hasifu betri. Anasema hiyo sababu imekuja vizuri mno, yaani simwamini. Hiyo msomeshe aitambue akiisikia, lakini asiitumie bado. Bosi wake akisema leo ni mgonjwa, halafu yeye kwa moyo safi amjibu "How convenient"? Kazi imeisha.

Mama_Nyalenda
Asanteni sana. Leo nimechora ukurasa mzima: saa, duka, stendi ya matatu, vyote nimevizungushia duara, na mtu mmoja nje ya duara. Nikamwambia huyu haingii humu, anangoja nyuma ya "for". Akatikisa kichwa, akaandika sentensi kumi, tisa sawa. Ya kumi alisema stendi ni "convenient to eat mandazi". Nimemwachia, maana kwa kweli pale mandazi hayakosekani.

Nilimsimulia pia habari ya ile meseji na mzee wangu. Akawa mwekundu, akaomba radhi mara tatu. Sasa hivi simu imelia tena: "Teacher, is Thursday convenient for your husband?"

Mzee amejibu mwenyewe. Alhamisi haimfai, kuna mpira.