Mjadala: Kila kitu yeni 100 kule Japani, nafuu hiyo anailipa nani?

Mleta mada (Nagoya)

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa tisa Japani, na kuna jambo nataka tuvutane mashati kidogo: haya maduka ya yeni 100, wenyewe wanayaita hyakkin. Huku yapo kila kona. Daiso peke yake ina maduka zaidi ya 4,000 ndani ya nchi, bado Seria, Can Do na Watts. Mgeni akija kutoka nyumbani, usijisumbue kumpeleka hekaluni, mpeleke hyakkin. Atasahau hata kula.

Mimi mwenyewe yaliniokoa. Nyumba ya kupanga huku unakabidhiwa kuta nne, nyingine hata taa ya darini aliyehama kaondoka nayo. Niliingia na noti moja ya yeni 5,000, nikatoka na ndoo, sahani, kisu, betri, kamba ya kuanikia na ile fimbo ya springi inayojibana yenyewe katikati ya kuta mbili ukatundika pazia bila kupiga msumari. Na msumari huku usipige, utaulipia siku ya kuhama. Aliyebuni fimbo ile Mungu ampe maisha marefu.

Sasa hoja. Kazini niliambiwa nilete muhuri wa jina, maana huku muhuri ndio sahihi. Hyakkin kuna stendi ya kuzungusha imejaa mihuri ya tayari: Sato, Suzuki, Tanaka, Yamamoto. Nikaizungusha mara mbili kama mjinga, natafuta jina la ukoo wangu wa Kipare.

Karibu na stesheni kulikuwa na kiduka cha mzee mmoja, anauza kalamu, madaftari, bahasha, na anachonga mihuri. Alinikalisha, akataka nilitaje jina polepole, akaliandika kwa herufi zao za katakana, akahesabu, akatikisa kichwa. Herufi nyingi, muhuri mwembamba. Akalifupisha mwenyewe, akanionyesha, nikakubali. Kesho yake nikalipa yeni 3,000. Mwaka juzi kiduka kikafungwa, na mpaka leo shata halijainuliwa.

Kuchonga majina ya ajabu hakumlishi mtu. Kilichokuwa kinalipa pango na umeme pale ni kalamu, gundi na bahasha, na wateja wa vitu hivyo ndio hyakkin iliowachukua. Mzee akabakiziwa kazi ngumu ambayo mteja wake anapita mara moja kwa mwaka.

Na bei yenyewe haijasimama kama tunavyoambiwa. Kodi ya matumizi, mnaweza kuiita VAT, ilianza 1989 kwa asilimia 3, na tangu Oktoba 2019 ni 10, kwa hiyo ile mia ni 110. Chakula kinatozwa 8, kwa hiyo biskuti ni 108 na kibakuli cha kuziwekea 110. Duka la bei moja lenye bei mbili! Mwaka 2012 dola ilikuwa karibu yeni 80, Julai 2024 ikavuka 160, na mali nyingi inatoka China, kwa hiyo kuiagiza kumekuwa ghali. Bei isipopanda, mali inapungua: mifuko ya taka niliyozoea ilikuwa 30 kwenye pakiti, siku hizi nahesabu 20. Karibuni.

Mchangiaji (Kariakoo)

Mkuu, umeshiba ndiyo maana unaona huruma. Mimi ni mfanyabiashara, Yiwu, ule mji wa soko la jumla kule China, nimekwenda mara nne. Ukimwambia muuzaji wa kule unataka kikombe, hakutajii bei. Anakuuliza wewe unataka cha bei gani. Ukitaja ndogo anakutengenezea cha ndogo, ukuta mwembamba, mpini unabanduka ukiushika vibaya. Ukipanda na yeye anapanda, na kwa macho vikombe ni vilevile. Ujanja wa Mjapani ni kwamba anaagiza mzigo ambao sisi wa mtaa wa Kongo tukichanga wote hatuufikii, halafu anatuma mtu akakague. Hapo bei inakaa.

Na usidhani kila kitu kina faida sawa. Kingine anauza karibu na alichonunulia ili uingie tu, faida anaitolea kwenye sponji. Hata vijana wetu wa "buku buku", kila kitu elfu moja, wenye spika wanajua hilo: kwenye turubai kuna kitu kimoja cha maana, hicho ndicho kinachokuita, vingine vinasindikiza.

Kitu kimoja hujakisema. Kwenye bei moja, bibi wa miaka themanini analipa sawa na mtoto wa waziri. Huku kwetu bei inaangalia viatu ulivyovaa. Hiyo nayo ni haki, mkuu, usiidharau.

Mchangiaji (Hiroshima, mwanafunzi)

Naongezea hapo kwa kaka wa Kariakoo, maana niko mkoa ilikozaliwa Daiso. Mwanzilishi wake, Hirotake Yano, aliyefariki Februari 2024, alikuwa machinga. Alifilisika kwanza kwenye ufugaji wa samaki, na kuanzia 1972 akawa anatembeza mali kwenye lori yeye na mkewe. Maboksi hayajashuka vizuri, wateja wamemzonga, hii bei gani, na hii je? Akachoka kubandika bei, akasema yote mia. Bei maarufu kuliko zote Japani imetokana na mtu aliyezidiwa na kazi.

Wanasimulia kwamba siku moja aliwasikia akina mama wakiambiana neno ambalo Kiswahili chake ni "rahisi inavunja upishi", wakaacha kununua. Likamchoma. Tangu hapo akawa tayari kuongeza gharama ya kununulia mzigo, mradi yeye auze mia ileile.

Duka lake la kwanza la kudumu alilifungua 1991 mjini Takamatsu, uchumi wa Japani ndio kwanza umeanza kuporomoka. Mishahara ikaganda kwa karibu miaka 30. Mtu ambaye mshahara wake haupandi utamlaumu kwa kupenda bei isiyopanda?

Na huyo mzee wa mihuri, samahani kuuliza, alikuwa na mrithi? Sheria iliyokuwa inayabana maduka makubwa ilifutwa mwaka 2000, yakahamia pembezoni mwa miji yenye maegesho mapana, na watoto wa wenye viduka wamekwenda Tokyo. Hyakkin ilimkuta mgonjwa taabani.

Mchangiaji (Maskati)

Nyie mwazungumza yeni 100. Huku Daiso ipo na bei si hiyo, na hata Marekani kwa miaka mingi ilikuwa dola moja na nusu. Mna nauli ya meli humo, mna na ushuru.

Lakini miye taabu yangu si bei, ni mkono wangu. Niliingia kutaka kisu cha kumenyea viazi. Nimetoka na visanduku vinne vya kupangia droo, kidude cha kukatia yai vipande, na vibanio vya nguo vyenye sura ya paka. Droo zenyewe ninazo mbili. Baadaye nikavitoa, na niliyempa naye kavigeuza-geuza mkononi hajui avifanyie nini. Kitu ukikiona cha bei kubwa hujiuliza kwanza wakihitaji au la. Cha bei hiyo hujiulizi, wachukua tu. Japani wameanza kulipisha mfuko wa plastiki tangu Julai 2020, ahsante, vizuri. Na vilivyomo ndani ya mfuko, navyo si plastiki?

Mchangiaji (Nairobi)

Sisi huu mjadala tuliupata ukiwa moto. Mwaka wa 2023 China Square, duka kubwa la Mchina, ilipofungua pale kwenye jengo la maduka la Unicity, watu walijaa, wafanyabiashara wa mjini wakaandamana, na waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akasema yuko tayari kununua mkataba wa pango awapatie Wakenya. Wateja walimjibu kwa miguu. Tena wengi wa walioandamana, mali yao ilikuwa imetoka wapi? China hiyo hiyo.

Kando kidogo: wale huingia Miniso wakidhani wako kwa Mjapani, hiyo ni kampuni ya Guangzhou, ilianza 2013, na mwaka wa 2022 iliwaomba Wachina wenzake radhi kwa kujitangaza kama ya Kijapani. Jina la Japani limekuwa na thamani hata kwa asiye Mjapani, na hyakkin imechangia hapo.

Mimi niko upande wa mleta mada, ila si kwa sababu ya mzee. Ni kwa sababu ya jua kali. Fundi wa Gikomba akikuundia kikaango, bei yake ni bati, mkaa na siku nzima ya kugonga nyundo. Bati likipanda, yeye hupandisha. Kontena haigongi nyundo. Sasa ukimzoesha mteja kwamba kikaango ni bei moja milele, siku fundi ataomba nyongeza ya shilingi kumi ataitwa mwizi.

Mleta mada

Nimesoma wote. Dada wa Hiroshima, hoja ya mrithi nakupa, sina ubishi. Mzee alikuwa anakaribia themanini na mwanawe sikuwahi kumwona pale dukani. Pengine angefunga tu. Ila kuna kufunga kwa sababu umechoka na kufunga kwa sababu siku nzima kaingia mtu mmoja kuulizia njia, na mimi siku za mwisho nilikuwa nikipita naona lipi linatokea.

Mkuu wa Kariakoo, hoja ya viatu imenishika. Mwezi wangu wa kwanza, lugha sijui, hyakkin ndiyo sehemu pekee niliyoingia bila kuogopa kupigwa bei. Siwezi kulisahau hilo. Ninachobisha ni kimoja tu: wewe unapima bei ya kalamu, mimi napima kazi ambayo kalamu ilikuwa inaibeba mgongoni. Ulisema mwenyewe, sponji inalipia kikombe. Kwa mzee, bahasha zilikuwa zinalipia majina ya watu kama mimi.

Mchangiaji (Kariakoo)

Nimekuelewa. Sasa nijibu swali dogo. Kwa huyo mzee ulinunua mara ngapi?

Mleta mada

Mara moja. Ule muhuri.

Kalamu nilikuwa nachukua hyakkin. Ukitoka stesheni unaifikia kabla ya kwake.