Visa yangu ni hadi 2027 lakini JKIA wamenirudisha nyumbani na mabegi juu ya KADI

Watu wangu wa ng'ambo nisaidieni kabla nipasuke. Ni saa kumi na moja asubuhi, niko kwa sista yangu Donholm, mabegi mawili yamekaa hapo sebuleni yananiangalia, na flaiti yangu ya London iliondoka usiku bila mimi. Sikuchelewa, sina kesi, visa iko sawa. Nimerudishwa juu ya kadi.

Wenye mnaishi Uingereza mnaijua BRP, kile kikadi cha ukaazi. Wengi wetu tuliandikiwa inaisha 31/12/2024 hapo kwa kadi hata kama ruhusa yako ya kukaa ina miaka mingine mbele. Halafu kuanzia 31/10/2024 serikali ya huko ikaacha kuzichapisha kabisa, ati sasa ni eVisa, kila kitu kiko mtandaoni, fungua akaunti. Sawa. Nilifungua Novemba nikiwa huko, dakika ishirini, sikulipa hata ndururu. (Kuna wakala hapa tao aliitisha binamu yangu 15,000 amfungulie hiyo akaunti. Ni BURE. Mwizi huyo.)

Desemba nikaja kumzika shosho, na kwa vile pasi yangu ilikuwa imebakisha miezi michache nikaomba mpya hapa hapa Nairobi. Pasi mpya, namba mpya. Kosa langu liko hapo na nalikubali kabla mnirushie mawe, ile siku nilichukua pasi ndio ningeingiza hiyo namba kwa akaunti. Nilikumbuka siku nne kabla ya safari. Kuingia, kumbe unaingia na namba ya pasi ya ZAMANI, ambayo imeshakatwa kona, bahati tu sikuitupa, halafu wanakutumia namba ya siri kwa simu, na mimi nilisajili laini ya huko ambayo hapa inashika neti ikijiskia. Nilisimama kwa balkoni nimeinua simu juu kama mtu wa kutafuta stesheni ya redio, watoto wa sista wananicheka. Siku ya pili ndio ikaingia. Nikaweka pasi mpya, nikajibiwa imepokelewa, ngoja. Hiyo ngoja ndio ilinikuta JKIA.

Sasa kaunta. Dada ananitabasamia vizuri tu, anashika kadi, anaigeuza, anaigeuza tena.

"Madam, hii kadi ilikufa Desemba."

Nikamwambia najua, lakini Waingereza wenyewe waliotoa kadi wamesema hii ya 31/12/2024 ipokelewe kwa safari mpaka 31/3/2025 mradi ruhusa yako haijaisha, na sisi tuko Februari. Nikamfungulia tovuti yao. Akasema hiyo ni simu yangu, yeye anaangalia kompyuta yake na kompyuta haioni pasi yangu. Nikampa pasi zote mbili. Nikampa shea kodi (sio kodi ya KRA jamani, ni ile namba unampea mtu anaingiza anaona ruhusa yako). Aingize tu, dakika moja. Akaniuliza, "Hii ni namba ya buking?"

Nikaskia miguu inalegea.

Akaita supavaiza. Huyo alikuja na redio kol mkononi, karatasi zangu hakugusa, akasema tu, "Waambie wakupe kadi mpya, madam." Kadi mpya gani buda?? HAZITENGENEZWI TENA, si ndio nimeeleza hapa nusu saa foleni yote ikinitukana mgongoni! Na mashirika ya ndege yana namba ya kupiga Uingereza usiku na mchana kuuliza kama abiria apandishwe ama asipandishwe. Niliwasihi wapige. Ati kaunta inafungwa.

Woga wao naujua, shirika likibeba mtu hana ruhusa linaweza pigwa faini ya pauni 2,000, kwa hivyo kuniacha ni rahisi. Wakiniacha mimi na ruhusa yangu nayo, nani anapigwa faini? Kubadilisha tiketi nimeambiwa 41,000, zamu tatu za kazi zimeenda, na meneja wangu amejibu meseji yangu kwa neno moja, "Noted."

Chenye kinaniuma hasa, miaka yote tumeambiwa tuchunge hiyo kadi kama mboni ya jicho, ukiipoteza ukiwa Kenya hurudi mpaka uombe visa nyingine na uilipie. Nimepanda matatu nikiwa nimeiweka kwa sidiria! Leo thamani yake ni ya kikaratasi cha kredo kishakwanguliwa. Wamechukua kitu nilikuwa nashika mkononi namwekea mtu mezani, wakakiweka kwa kompyuta, na yule wa kuifungua hiyo kompyuta hakuna mtu amemfunza.

NAONGEZA, saa nne: imeili imeingia sasa hivi. Pasi mpya imeunganishwa na akaunti. Masaa kumi na kitu baada ya ndege kuruka. Sista anasema nishukuru Mungu, nimemwambia aniache kwanza.

Nimepata kiti Alhamisi usiku. Nimeprinti kila kitu, na kadi iliyokufa nabeba. Kama kuna mtu amepita JKIA wiki hii na eVisa pekee, niambie waliangalia nini na ilichukua dakika ngapi. Na yule atakuja hapa kuniambia "ungesoma maagizo", apite tu.