Tupeane uzoefu: uliyeng'oa boksi la eya klina, gari ilipata nguvu au ilipata kelele?

Wakuu, habari za Jumapili. Wale ambao tumewahi kutoa boksi la eya klina (linalokaa filta ya kuchuja hewa ya injini) na kufunga koni, yaani filta ya wazi isiyo na boksi, tukutane hapa tuambizane ukweli. Naanza mwenyewe.

Nina Subaru Forester SG5 ya turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), injini EJ20, lita 2.0. Mwaka jana nilitoa boksi lote, nikang'oa na lile pipa la plastiki lililojificha ndani ya fenda, maana niliambiwa "hilo ndilo linaibana pumzi". Nikafunga bomba la aluminiamu na koni ya wazi. Jioni hiyo nilitoka Kimara mpaka Kibaha bila safari yoyote, nakanyaga na kuachia tu ili nisikie. Turbo inapiga mluzi, ukiachia mguu inashusha "pshhh" kama breki za basi. Mama watoto akauliza kama nimebadilisha gari.

Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba ile "pshhh" ilikuwepo tangu gari inatoka kiwandani. Ukiachia mafuta ghafla, valvu inairudisha hewa iliyozidi kwenye bomba la kuingizia. Boksi na lile pipa zilikuwa zinaimeza sauti. Mimi nilichofanya ni kuifungulia mlango.

Kuhusu nguvu, nilichomeka kidude cha OBD, kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari na kuzileta kwenye simu. Foleni ya Ubungo, saa tisa mchana, nje nyuzi 33, hewa inayoingia kwenye injini nyuzi 61! Nikishika 80 baada ya Mbezi inashuka hadi 39. Hewa ya nyuzi 61 ni nyepesi kuliko ya 33 kwa kama asilimia 8, na injini inachokula ni uzito wa hewa. Upana wa koni haukusaidii kama koni yenyewe imekaa jikoni, kwenye joto la injini.

(Na ule mngurumo wa Subaru za zamani msiuhusishe na hapa. Ule unatoka upande wa ekzosi, mabomba ya manifoldi yanayotoa moshi kwenye injini hayalingani urefu.)

Karibuni. Semeni gari gani, mlifunga nini, mlipima vipi. "Nilihisi" tu haitoshi, hata mimi nilihisi.

Gia_ya_Tatu
Altezza RS200, gia za mkono. Kabla ya kufunga nilipima gia ya tatu, 60 hadi 100, simu inarekodi dashibodi. Mara tatu kwenda, tatu kurudi, barabara ileile, usiku. Wastani sekunde 5.9. Baada ya koni, 5.8. Tofauti hiyo hata upepo unaileta.

Ila sauti, sina ubishi. Kwenye injini isiyo na turbo unasikia mapigo yenyewe ya pistoni zikivuta, kuanzia mizunguko 5,000 inakuwa kama mtu anachana turubai. Sijajuta. Nilijua nanunua redio.

Dada wa IST
Mimi sikutaka hata kelele. Kaka yangu aliazima gari wikendi, ikarudi na koni 😡

Kwenye IST sensa ya hewa imechomekwa kwenye mfuniko wa boksi. Fundi alitupa boksi, akatoboa bomba kwa drili, akaichomeka humo na kuibana kwa silikoni. Baada ya siku mbili taa ya injini ikawaka, sailensa (mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka, asubuhi inazima. Mashine ikasoma P0171, yaani hewa nyingi, mafuta kidogo.

Fundi mwingine ndiye alinielewesha. Bomba lile ni pana kuliko mfuniko, kwa hiyo hewa inapita taratibu mbele ya sensa, nayo inadhani imepita kidogo. Kompyuta inapima mafuta kwa kuamini taarifa ya uongo. Nikatafuta boksi la mtumba, likarudi, taa ikafutwa, gari ikatulia. Kaka bado hajalipa.

Mtu wa Kondoa
Nyie wa lami mnaongelea sauti, sisi huku tunaongelea vumbi. Nilifunga filta ya pamba, ile ya kuosha na kupaka mafuta. Mara ya kwanza kuiosha nikaipaka kama naunga samaki. Mafuta yakafika kwenye waya wa sensa, gari ikaanza kumisi. Nilinunua dawa maalumu ya kupuliza, nikaisafisha bila kugusa waya, ikapona.

Kipimo changu kwa mwenye koni yoyote: fungua bomba baada ya filta, pitisha kidole. Kikitoka na vumbi, hilo vumbi linaelekea kwenye silinda. Mwenye turbo ndiyo aogope zaidi, mapanga yake yanazunguka kwa kasi kubwa na mchanga unayala.

Wa_Rongai
Salamu kutoka Nairobi. Yangu ni ya kujicheka. Nilifunga koni kwa Demio Alhamisi, Ijumaa tukashuka Mombasa. Kufika Mtito Andei gari imechangamka, Mariakani inavuta kama si yangu. Nikawapigia marafiki wote, nunueni hii kitu!

Jumatatu tukapanda, kufika nyumbani ni ileile Demio. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, shinikizo la hewa limepungua karibu moja ya tano. Aliyeniongezea nguvu ni Bahari ya Hindi.

Jangwani Survivor
Mimi nilisoma kwamba koni ishushwe chini, nyuma ya bampa, ipate hewa ya baridi. Kweli joto lilishuka. Nikaacha Mark II yangu hivyo mpaka masika.

Pale bonde la Jangwani, Dar, maji yalikuwa chini ya katikati ya tairi. Magari mengine yanapita. Yangu ikapiga "kah!" ikazima papo hapo. Maji hayakandamiziki, wakuu. Pistoni inapanda, inakutana nayo, konrodi moja (mkono unaoshika pistoni) ikapinda. Kosa langu la pili, nilijaribu kuiwasha tena. Nilimalizia Ilala kununua injini ya mtumba.

Mwanzisha mada
Mkuu wa Jangwani, pole sana. Nami nimerudisha boksi wiki iliyopita, na filta mpya ya karatasi. Joto foleni ileile 44. Ila lile pipa la kwenye fenda nimeliacha nje. Mluzi wa turbo unasikika kwa mbali, unanitosha.

Kijana wa Tabata
Somo zuri mkuu. Sasa hiyo koni na bomba lake bado unavyo? Ni inchi 3 au 2.75?