Majirani wa Mtaa: kompyuta ya mezani kugeuzwa kituo cha Wi-Fi

Mama Salma: Habari za jioni. Kompyuta ya mezani ya hapa ina Ubuntu na kadi ya Wi-Fi, intaneti inaingia kwa waya. Nataka isambaze Wi-Fi nyumba nzima. Nianzie wapi?

Fundi Idd: Anzia kwenye kadi, mama, mipangilio baadaye. Kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) andika `iw list`, tafuta "Supported interface modes". Usipoona AP (yaani kadi inaweza kuwa kituo cha Wi-Fi) kwenye orodha hiyo, hakuna mpangilio utakaokusaidia, labda dereva (programu inayoendesha kadi) nyingine au kadi nyingine. Za Atheros zenye dereva ath9k ndizo zisizo na maringo.

Mama Salma: AP ipo. Kadi inaitwa wlp2s0.

Fundi Idd: Basi amri moja ya NetworkManager, programu ya Ubuntu inayosimamia mitandao, inatosha:

`nmcli dev wifi hotspot ifname wlp2s0 con-name Nyumbani ssid Nyumbani band bg channel 6 password nywila-yako`

Nywila isipungue herufi 8. Ili iwake yenyewe kila kompyuta ikiwashwa: `nmcli con mod Nyumbani connection.autoconnect yes`. Simu zitapewa anwani za 10.42.0.

Neema: Kaka Idd, njia hiyo inazitenga simu na mtandao wa ruta. Printa iliyo kwenye ruta simu haziioni kwenye orodha. Afadhali hostapd (programu inayogeuza kadi kuwa kituo cha Wi-Fi) na daraja br0, linalounganisha waya na Wi-Fi kuwa mtandao mmoja: waya uingie br0, na kwenye hostapd.conf uweke `bridge=br0`. Ruta ndiyo itagawa anwani, kwa hiyo hakuna haja ya dnsmasq, programu ya kugawa anwani.

Fundi Idd: Kweli, kama printa ipo. Ila daraja linataka intaneti ije kwa waya. Ikija kwa Wi-Fi, daraja la kawaida halikubali.

Neema: Faili lenyewe, la 2.4 GHz:

```
interface=wlp2s0
bridge=br0
ssid=Nyumbani
country_code=TZ
hw_mode=g
channel=6
ieee80211n=1
wmm_enabled=1
wpa=2
wpa_key_mgmt=WPA-PSK
rsn_pairwise=CCMP
wpa_passphrase=nywila-yako
```

Ukisahau `wmm_enabled`, kasi ya Wi-Fi ya n (802.11n) huipati, unabaki na 54 Mbps za karatasini. Kabla ya kuwasha: `nmcli dev set wlp2s0 managed no`, la sivyo NetworkManager na hostapd watagombania kadi. Kisha `sudo systemctl unmask hostapd`, maana Ubuntu huifungia inapoisakinisha.

Baraka: Na 5 GHz je? Kadi yangu ni ya Intel.

Neema: Tazama masafa kwenye `iw list`. Palipoandikwa "no IR" kadi hairuhusiwi kuanza kurusha yenyewe. Kadi nyingi za Intel ziko hivyo, na `iw reg set TZ` haizitikisi, zinaamua nchi zenyewe. Baki 2.4, chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Baraka: Simu inaunganika na inapata anwani, lakini intaneti hamna.

Fundi Idd: Una Docker humo, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena?

Baraka: Ipo.

Fundi Idd: Ndiyo hiyo. Docker huweka FORWARD ya firewall kuwa DROP, yaani data inayopitia kompyuta kwenda kwingine inatupwa. Kwa njia ya nmcli, ongeza `iptables -I DOCKER-USER -i wlp2s0 -j ACCEPT` na nyingine hiyohiyo yenye `-o`. Zikifanya kazi, zihifadhi, maana kompyuta ikizimwa zinafutika.

Mzee Hamisi: Na umeme je, vijana?

Neema: Shikamoo mzee. Kompyuta inayokula wati 60 mchana na usiku inamaliza uniti 1.44 kwa siku. Ruta ya wati 10 ni 0.24. Kama kompyuta haiwaki muda wote kwa kazi nyingine, nunua ruta.

Mzee Hamisi: Marahaba. Hapo umesema.

Fundi Idd: Mama Salma, zima pia kulala: `sudo systemctl mask sleep.target suspend.target`. Ikilala, Wi-Fi inakufa nayo. Na antena zisibanwe kati ya kasha la chuma na ukuta. Tumia zile zenye waya na kitako, uziweke juu ya meza.

Mama Salma: Nitajuaje chumba cha nyuma kinapata?

Neema: Peleka simu huko, kisha kwenye kompyuta: `sudo iw dev wlp2s0 station dump`. Soma "signal", yaani nguvu ya mawimbi. -60 ni nzuri, ikifika -80 video zitaanza kukwama.