Mjadala: Msimamizi asiyefika shambani, jina lake liingie kwenye makala?

Mleta mada (Iringa)

Kamwene wakuu. Kuna jambo limenikaa rohoni mwaka wa pili sasa, nalileta tulichambue bila matusi.

Nilisoma shahada ya uzamili kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, jina nalihifadhi. Utafiti wangu ulihusu wakulima wa viazi mviringo Isongole, Rungwe: wanapoteza kiasi gani kwa kuuza kwa lumbesa, yaani gunia la kujaza kupita kipimo. Mimi ni Mhehe. Kinyakyusa changu kinaishia kwenye "ndaga fijo". Nikamchukua kijana wa palepale kijijini awe mkalimani, maana bibi wengi walijieleza vizuri zaidi kwa lugha yao kuliko kwa Kiswahili changu cha dodoso.

Siku ya tatu kijana akaniambia, "Dada, hili swali lako la gunia linakudanganya. Wewe unaandika kilo 100, bibi anakutajia lumbesa." Tukaazima mizani ya kuning'iniza kwa dalali, tukaifunga kwenye tawi la mparachichi, tukapima. Gunia la kwanza mshale ulipita 130. La pili 141. Ikabidi nirudi kwenye nyumba zote 19 nilizokwisha kuhoji, na mvua juu, na tope la Isongole mnalijua.

Makala ya utafiti huo ilipotoka jaridani ilikuwa na majina matatu: langu, la msimamizi, la mkuu wa idara. Msimamizi alisoma rasimu mara moja akaweka saini. Mkuu wa idara hakusoma kabisa. Nilipompelekea fomu aliniuliza utafiti wenyewe ni wa mahindi au wa nini. Yule kijana yumo kwenye shukrani, mstari wa mwisho, pamoja na "wote waliosaidia kwa namna moja au nyingine".

Wahariri wa majarida ya tiba, wale waliokutana Vancouver mwaka 1978, wana masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi, na majarida mengi ya fani nyingine yanayafuata. Uwe na mchango mzito katika kubuni kazi, au kukusanya, kuchambua au kufasiri data. Uwe umeandika rasimu au umeihakiki kwa kina. Uwe umeridhia toleo la mwisho. Na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yanatakiwa yote manne. Tena wamesema wazi kuwa kutafuta fedha peke yake, au kusimamia kwa ujumla tu, mahali pake ni kwenye shukrani. Kwa kipimo hicho majina mawili kati ya matatu yalipita dirishani. Mimi nauita wizi. Mnasemaje?

Muuza duka, Mwanjelwa

Dada, jina la bosi ni kama ushuru wa meza. Unalipa kwanza, ndipo unapanga nyanya zako.

Mhadhiri, Mbeya

Naandika nikiwa msimamizi. Wako alikosea, na mkuu wa idara ndiyo kabisa. Ila usitutie wote kwenye lumbesa moja.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu aliniletea "makala": kurasa 40, sura za tasnifu zimebandikwa zilivyo. Tuliandika upya kuanzia kichwa cha habari. Jarida likaturudishia maoni ya wapitiaji wawili, kurasa sita. Kufikia hapo kijana kashapata ajira Dodoma, simu inaita tu. Nikachambua upya majedwali mawili mwenyewe, usiku, umeme unakatika. Halafu ikaja ada ya kuchapisha. Wapo wachapishaji wanaofuata orodha ya Benki ya Dunia ya kipato cha nchi, na tangu Julai 2020 sisi Tanzania tumo kwenye kipato cha kati cha chini, kwa hiyo panapokuwa na msamaha kamili kwa nchi maskini zaidi, sisi tunaweza kupewa punguzo tu. Barua za kumbembeleza mhariri niliandika mimi. Sasa nami ni mwizi?

Na kuna jambo ambalo wanafunzi hawalioni. Tunapandishwa daraja kwa makala. Mtu ana vipindi vya kufundisha, ana tasnifu 11 za kusimamia, muda wa kwenda Isongole kupima magunia ataupata wapi? Makala za wanafunzi ndizo utafiti wake.

Mleta mada

Shikamoo Dokta. Kwa ulivyoeleza, masharti umeyatimiza na jina ni haki yako. Mimi hata ningekuweka wa kwanza kwenye hayo majedwali mawili!

Ila la daraja sikubali. Huo ni mgogoro wako na mwajiri, usiumalize kwa data zangu. Na kwa mtindo huo ndiyo maana matapeli wanapata wateja: ukimpima mtu kwa idadi ya makala, atatafuta pa kuzinunua. Mwaka 2013 mwandishi mmoja wa jarida la Science, John Bohannon, alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwenye majarida 304 yanayomtoza mwandishi ada ya kuchapisha. Majarida 157 yaliipokea.

Mtumishi wa maabara, Mbeya mjini

Mnajadili jina kama heshima. Mimi naliona kama udhamini wa mkopo. Mei 2020, kwenye korona, jarida la Lancet lilitoa makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine, eti data za wagonjwa 96,000 kutoka hospitali 671. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Watu walipohoji, ikaonekana kuwa waandishi watatu kati ya wanne hawakuwa na data zenyewe mkononi; zilikuwa kwa kampuni ya yule wa nne, Surgisphere, nayo ikakataa kuzitoa zikaguliwe. Watatu wakaomba makala iondolewe. Tarehe 4 Juni ikaondolewa, hata wiki mbili hazijatimia.

Siku mtu akihoji hizo kilo 141, mkuu wa idara wako atajibu nini? Atauliza kama ni mahindi.

Muuza duka, Mwanjelwa

Si uwashtaki basi?

Mtumishi wa maabara, Mbeya mjini

Wapi? Ipo kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilianzia Uingereza mwaka 1997 na majarida mengi ni wanachama. Lakini mwongozo wake kwa mhariri ni kwamba asijifanye hakimu wa nani kaandika. Ugomvi wa majina aurudishe kwenye taasisi ya waandishi. Kesi ya nyani anapelekewa ngedere.

Kuna majarida yanadai kila mwandishi aandikiwe alichofanya, kwa orodha ya majukumu 14. Nilifurahi, mpaka nikaona "usimamizi" nao ni jukumu mojawapo. Bosi anaingia tena kwa mlango wa mbele.

Mhadhiri, Mbeya

Dada, swali moja, na usikasirike. Huyo kijana wa Isongole, wewe ulimweka wapi? Aligundua kosa lililobadilisha dodoso zima. Huo ni mchango katika kubuni kazi, sharti la kwanza.

Mleta mada

Hakuandika Dokta, na rasimu hakuisoma.

Mhadhiri, Mbeya

Hakuisoma kwa sababu gani?

Mleta mada

Kwa sababu sikumpelekea.

Mhadhiri, Mbeya

Basi rudi kwenye masharti yako ya Vancouver usome mpaka chini. Wameandika pia kuwa masharti hayo yasitumike kumnyima mtu jina kwa kumnyima nafasi ya kuyatimiza. Aliyetimiza la kwanza apewe rasimu aichangie. Mkuu wa idara alikubebesha jina lisilostahili, nawe ukamfungia nje mwenye kustahili. Makosa mawili, na la pili ni lako peke yako.

Mleta mada

Nimekaa na hilo jibu tangu juzi. Nilitaka kusema makala ni ya Kiingereza na yeye aliishia kidato cha nne, lakini majedwali angeyasoma bila taabu. Nimeuliza jarida kama wanaweza kurekebisha majina. Inawezekana, ila waandishi wote watie saini, pamoja na mkuu wa idara. Fomu nimeichapa, ofisini kwake sijaenda.

Jana nikampigia kijana. Makala yenyewe hawezi kuifungua, imefungwa kwa malipo ya dola, nikasema nitamtumia nakala yangu. Akauliza kama ile ya mparachichi tuliiandika. Nikamfasiria sentensi yenyewe: "Uzani ulihakikiwa uwandani."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Uwandani ndiyo wapi, dada?"