Siku tatu Kyoto: niende mahekalu yapi, na nile nini?

Mkazi wa Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa 11 nina mafunzo Osaka, Japani, na nimebakiwa na siku tatu za kwangu. Nataka nizimalizie Kyoto. Mahekalu naambiwa ni mengi mno, nianzie wapi? Halafu chakula: samaki mbichi siwezi kabisa, nimekulia sato wa kukaanga na ugali. Aliyefika anisaidie.

Mama wa Mwaloni
Mdogo wangu, mimi nauza dagaa hapa Kirumba, na Kyoto nilifika 2019. Kwa samaki usiogope. Mji uko mbali na bahari. Zamani samaki alibebwa kwa miguu kutoka ghuba ya Wakasa, kilomita 70 hivi za milima, kwa hiyo alipigwa chumvi kama kayabo wetu wa kwenda Kongo. Ni kibua, wao wanamwita *saba*. Akishakolea chumvi anatiwa siki, analazwa juu ya wali, anakatwa vipande. Onja kimoja tu.

Ila kilichonishika ni soko la Nishiki. Ni uchochoro mrefu wenye paa, na humo nikakuta dagaa wakavu! Wanaitwa *niboshi*. Wanachemshwa kwanza ndipo wanaanikwa. Ukifika nyumbani unatoa kichwa na tumbo, unaloweka, unachemsha kidogo, unachuja: hayo maji ndiyo mchuzi wa supu. Nilimvunja mmoja nikamnusa, hana hata chembe ya mchanga. Nilikaa pale mpaka mwenye duka akaniletea kigoda. (Ukinunua cha kula, kula palepale dukani, hawapendi watu watembee wakitafuna.)

Mahekalu, mawili kwa siku yanatosha. Kiyomizu-dera nenda saa 12 asubuhi linapofunguliwa. Jukwaa lake la mbao limesimama juu ya bonde tangu 1633, nguzo zimeunganishwa bila misumari. Kinkaku-ji, lile la dhahabu, lilichomwa moto 1950 na kujengwa upya 1955. Utalitazama kwa nje, halichukui muda. Muda wako upeleke Ryoan-ji: mawe 15 kwenye changarawe nyeupe, na popote utakapokaa kuna jiwe litakalojificha. Sisi wa Mwanza tumezaliwa kwenye mawe, lakini sikuwahi kukaa chini nikayatazama hivyo.

Kijana wa Igoma
Ongeza hekalu la Fushimi Inari, mkuu, ni bure na hapafungwi usiku. Ila pale ni Shinto, dini ya jadi ya Wajapani: unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena. Kwenye hekalu la Kibudha usipige makofi, unganisha viganja tu. Na vaa viatu vya kuvulika haraka.

Mkazi wa Nyegezi
Asante sana dada, asante kijana. Ryoan-ji nimeiandika ya kwanza. Dada, nikuletee nini?

Mama wa Mwaloni
Robo kilo ya niboshi. Nataka wenzangu wanaoanika mchangani wawashike kwa mikono yao.