Vipindi vya televisheni vya kufufua magari ya zamani vina ukweli kiasi gani?

MwanaJinja aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Marehemu baba yetu alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1979, ambayo imesimama nyumbani Jinja kwa miaka mingi, matairi yameisha upepo na mlango mmoja wa nyuma haufunguki, na sasa familia imekubaliana ifufuliwe ili imbebe bibi harusi mdogo wetu wa mwisho atakapoolewa. Kaka yangu mkubwa, ambaye hakosi kipindi hata kimoja cha kufufua magari kwenye televisheni, ametupangia miezi miwili. Bajeti aliyoiandika ina spea, rangi na viti vipya, lakini malipo ya mafundi ameyaweka kwenye mstari mmoja mdogo chini kabisa, kama mpishi anayekumbuka chumvi chakula kikiwa kimeshapakuliwa. Nikimwuliza, hunijibu kwamba Wamarekani humaliza gari bovu kuliko letu ndani ya wiki moja. Ninawaomba wenye uzoefu mnijibu bila kunionea haya: vipindi hivyo vina ukweli kiasi gani, na tunapopanga fedha za familia ni sehemu ipi ya wanayotuonyesha tunayoweza kuitegemea?

Fundi Bodi wa Ndeeba alijibu:

Ndugu MwanaJinja, poleni kwa msiba, na hongereni kwa kutowauzia gari hilo wanunuzi wa vyuma chakavu, maana 504 nyingi za nchi hii zimeishia mikononi mwao. Mimi hunyoosha bodi na kupiga rangi hapa Ndeeba, Kampala, na vipindi hivyo huvitazama kwa kupenda, kwa hiyo msinihesabu kuwa adui yake. Kazi ya mikono mnayoiona ni ya kweli. Mtu kama Chip Foose ni msanifu na mjenzi wa magari anayeheshimiwa sana, na ujuzi huo alikuwa nao kabla kamera hazijamfuata.

Shida ni hesabu ya muda. Kipindi chake cha Overhaulin', kilichoanza mwaka 2004, ndicho kilichowazoesha watazamaji kuhesabu kwa wiki, na ni kweli kwamba gari lilikuwa likikamilishwa kwa takriban wiki moja. Ila ndani ya wiki hiyo kulikuwa na kundi kubwa la mafundi lililofanya kazi mchana na usiku, kila mmoja kwenye kona yake ya gari, huku spea zikiletwa mlangoni. Gari likivuliwa lote hadi kubaki bati tupu, kisha likarudishwa katika hali nzuri, karakana za Ulaya na Marekani huhesabu saa 1,000 za fundi na mara nyingi zaidi. Ukiwa na watu ishirini wasiolala, saa hizo zinaweza kubanwa ndani ya siku chache. Ukiwa na mimi na vijana wangu wawili, pamoja na umeme unaokatika tukiwa katikati ya kuchomelea, jibu ni tofauti kabisa. Nanyi watazamaji mnapewa yote hayo ndani ya dakika arobaini na kitu, matangazo yakiwa yameondolewa.

Sehemu inayorukwa zaidi ni kutu. Kwenye televisheni utaona cheche kwa sekunde chache, kisha bati jipya limekaa mahali pake. 504 ya saluni (ile ya kawaida ya abiria, yenye buti nyuma) haina chesisi ya kujitegemea; bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na nguvu yake kubwa iko kwenye vizingiti vilivyo chini ya milango na kwenye sakafu. Ukikata kizingiti kilichooza bila kwanza kuliegemeza gari sawasawa na kufunga vyuma vya kushikilia nafasi ya milango, bodi hulegea kidogo tu, pengine kwa upana wa kidole, na baada ya kuchomelea utagundua kwamba mlango hautafunga tena maishani mwake. Kwa hiyo fundi hupima, hukata kidogo, hushika bati kwa nukta za moto, hufunga mlango na kuutazama, hufungua, hupima tena. Kazi hiyo haina cha kuonyesha. Hata mimi nisingeitazama.

Rangi nayo ina mambo yake. Wenzetu wanapulizia ndani ya chumba kilichofungwa, chenye hewa iliyochujwa na joto linalodhibitiwa, na fundi amevaa kinyago chenye hewa safi. Huku gereji nyingi hupulizia uani, chini ya paa la mabati. Msimu wa mvua, ukipiga rangi ya selulosi wakati hewa ina unyevu mwingi, kiyeyushi kinaporuka hupoza uso wa bati, unyevu hugandia juu yake, na rangi iliyokuwa nyeusi inayong'aa hutoka na ukungu mweupe kama pumzi kwenye kioo. Utasubiri ikauke, utaisugua kwa msasa wa maji, utaanza upya. Basi kabla ya kupanga miezi miwili, kaka yako aangalie kwanza kama miezi hiyo inaangukia Machi hadi Mei.

Mhariri wa Picha, Kampala, alijibu:

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni kuhariri vipindi vya televisheni, na kwa hiyo nitazungumzia upande wa pili wa kamera. Siku nyingine tazameni jambo moja. Mtangazaji anausukuma mlango wa banda kuukuu, anaona gari lililofunikwa vumbi, anashtuka, na uso wake tunauona kutoka ndani ya banda. Aliyeshika kamera hiyo aliingiaje? Gari lilikuwapo kweli, na pengine mshtuko ulikuwapo pia siku ya kwanza, lakini tunachokiona ni marudio yaliyopangwa. Vivyo hivyo kwa kutu inayogunduliwa ghafla kabla tu ya matangazo, na kwa injini inayokataa kuwaka usiku wa kuamkia mnada. Gari la zamani kwa tabia yake halina haraka, na kipindi kisicho na haraka humpoteza mtazamaji, kwa hiyo sisi wa chumba cha uhariri ndio tunaoitafuta hiyo haraka.

Kuna ushahidi uliotoka kwao wenyewe. Mwezi Machi 2017, Edd China, fundi aliyekuwa kwenye Wheeler Dealers tangu kipindi kilipoanza mwaka 2003, alitangaza kwamba anaondoka. Alieleza kwamba televisheni ya Marekani iliyokuwa imechukua uandaaji iliona kipindi ni kigumu mno kutengenezwa kwa mtindo wake wa awali, na ilitaka kupunguza sehemu za karakana, ambazo ndizo zilizokuwa na maelezo ya kina ya ufundi. Naamini kila neno la maelezo hayo, kwa sababu najua gharama ya kurekodi mtu akifungua gia boksi: kamera inakaa siku nzima, na mwishoni unapata dakika mbili.

Tena, kuhusu ule mstari mdogo wa mafundi katika bajeti ya kaka yako, nadhani najua umetoka wapi. Katika kipindi hicho hicho, kila mwisho, mtangazaji Mike Brewer alikuwa akijumlisha bei ya kununulia gari na gharama za spea, kisha akazilinganisha na bei ya kuuzia, na tofauti ikaitwa faida. Saa za Edd China hazikuwamo. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa jambo hilo lilijulikana, lakini mtu akitazama hesabu ya namna hiyo kwa miaka kumi mfululizo, mwishowe huamini kwamba fundi ni mtu anayekuja na gari bure.

Mwalimu wa Makanika, Mbale, alijibu:

Ninakubaliana na walionitangulia, ila ningependa kuvitetea vipindi hivi kidogo. Ninafundisha makanika katika chuo cha ufundi, na vijana wengi wananifikia wakiwa wamewahi kuona kabureta ikifunguliwa, breki za ngoma zikivuliwa na injini ikinyanyuliwa kwa mnyororo, mambo ambayo zamani tuliyaona tu kwa kumwomba fundi wa mtaani aturuhusu kusimama karibu. Vipindi vya awali vya Wheeler Dealers vilieleza kwa nini kifaa kimeharibika kabla ya kukibadilisha, na hilo ni somo zuri.

Kinachonisumbua mimi ni aina ya magari wanayoyachagua. Ford Mustang za miaka ya 1960 hujitokeza kila mara, na si kwa sababu ya uzuri wake pekee. Spea zake karibu zote bado zinatengenezwa upya. Kuna kampuni iitwayo Dynacorn inayouza hata bodi nzima mpya ya Mustang ya zama hizo. Uingereza nako, British Motor Heritage ilianza mwaka 1988 kutengeneza upya bodi za MGB, gari la michezo la Kiingereza. Kwa hiyo fundi wa televisheni anapofungua sanduku na kutoa bawa (madigadi) jipya la gari lenye umri wa miaka hamsini, haigizi. Wala halipii mwenyewe kila mara, kwa kuwa wapo watengenezaji wa spea wanaofurahi kuona bidhaa yao ikifunguliwa mbele ya kamera.

Mbinu yao nyingine ni kununua gari la pili, lile bovu zaidi, ili wachukue spea. Sisi njia hiyo imetufunga: tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, haturuhusiwi kuingiza Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Gari la kuchinja, basi, litafutwe humu humu nchini, nyuma ya nyumba za watu na kwenye viwanja vya chuma chakavu, na liwahiwe.

Habari njema ni kwamba mmebahatika kuwa na 504. Ufaransa iliacha kuunganisha saluni yake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kwa miaka mingi baadaye, na maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, bado yana watu wanaoijua. (Ove Andersson alishinda Safari Rally ya mwaka 1975 kwa 504, na wazee wa mashariki hii wakianza kuizungumzia, usitarajie kuondoka mapema.) Injini yake ya petroli pia ina huruma, kwa sababu silinda zake ni laina (mirija ya chuma) zinazotoka: zikichakaa, huhitaji kuipeleka bloku kuchongwa, bali unaingiza laina mpya pamoja na pistoni na ringi zake. Kitakachowatoa jasho ni vitu vidogo ambavyo televisheni haivitaji: mpira wa kioo cha mbele, mipira ya milango, vitasa, na taa za nyuma zisizopasuka. Hivyo vianze kutafutwa leo, kabla hata spana haijashikwa.

MwanaJinja aliandika tena:

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimemsomea kaka majibu yote, na amenyamaza, jambo ambalo kwake ni nadra. Sasa anauliza: tuanze na injini, ambayo ndiyo inayomtia hamu, au tuanze na bodi? Na fundi tumlipe vipi, kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo?

Fundi Bodi wa Ndeeba alijibu:

Anzeni chini ya gari. Toeni mazulia yote, liinueni kwenye vigingi imara, msilale chini yake likiwa limeshikwa na jeki peke yake, kisha mpite na bisibisi mkigonga sakafu na vizingiti. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti ya kufa, na pengine bisibisi itazama yenyewe. Matokeo hayo ndiyo yatakayoamua kama mnafufua gari au mnatunza kumbukumbu tu, na kuyajua hakugharimu chochote zaidi ya nguo kuchafuka.

Injini msiijaribu kwa betri. Ondoeni plagi, mimineni mafuta kidogo ya injini ndani ya kila silinda, acheni yapenye kwa siku kadhaa, halafu izungusheni kwa mkono taratibu. Ikizunguka, mwageni petroli yote ya zamani, safisheni tangi na kabureta, na ndipo mfikirie kuiwasha. Kabla gari halijatembea hata mita moja kwa nguvu yake, breki zifunguliwe zote, maana mipira ya ndani yake haiwezi kuwa salama baada ya kusimama muda mrefu namna hiyo.

Malipo yafanyeni kwa hatua, na kila hatua iandikwe: bati, halafu injini na breki, halafu rangi, na mwisho umeme na viti. Fundi anayetaka fedha zote siku ya kwanza atanunua mahitaji ya gari la mtu mwingine, nasema hivyo nikiwajua wenzangu. Pia wekeni fungu la pembeni, kwa sababu kutu haijawahi kuwa ndogo kuliko ilivyoonekana.

Kuhusu harusi, kama tarehe imeshatangazwa, kodini gari jingine na muiache 504 ichukue muda wake, kwani bibi harusi hapaswi kusukuma gari akiwa na shela. Mkishapiga picha za sakafu na vizingiti, ziwekeni hapa, zipigwe mchana na kwa karibu, nasi tutawaambia bati gani likatwe na lipi liachwe.